Maadili ya Taifa Hayakuletwa kwa Meli

Yako maneno uliyoyasoma mara nyingi hata hayakushtui tena: uzalendo, umoja, utu, usawa, haki ya jamii. Yamo katika Ibara ya 10 ya Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Mwanafunzi huyakariri usiku wa kuamkia mtihani, akayaandika kwa mpango, akapata alama zake, kisha akayasahau kabla wino haujakauka. Simlaumu mwanafunzi. Nawalaumu waliomfundisha kwamba maneno hayo ni mali ya kuazima, yaliyofika pwani hii yakiwa yamefungwa katika makasha pamoja na shehena nyingine za Ulaya na Marekani. Dhana hiyo ndiyo nitakayoipinga hapa. Ina wafuasi wengi, na wengine ni walimu wenzangu. Nimeisikia hata hapa Mwembe Tayari ninapokaa, barazani, baina ya kahawa na kashata, ikisemwa na watu wazima wasiokosa akili.

Hoja yao ni hii. Taifa, wasema, hupata nia yake kutokana na dini na falsafa ya waliolianzisha. Marekani ilikuwa na Wapuritani, watu wa John Winthrop, waliovuka bahari mwaka 1630 wakaenda Massachusetts kujenga jamii iwe kielelezo mbele ya macho ya ulimwengu. Ilikuwa na Wakweka, wanaojiita Marafiki, ambao dini yao leo ina wafuasi wengi kwetu Kaimosi na jirani zake. Ilikuwa na wasomi wa vitabu vya John Locke, na mmoja wao, Thomas Jefferson, akaandika Azimio la Uhuru mwaka 1776. Sisi je? Sisi, wasema, tulikuwa na misafara, mashamba na usingizi, mpaka mwaka 1963 tulipopewa bendera pamoja na maneno ya kuipambia.

Kwanza na tuitazame hiyo Marekani, maana wanaoisifu hivi hawakuisoma vyema. Wapuritani waliokimbia kwao ili waabudu wapendavyo hawakumruhusu mwingine aabudu apendavyo. Roger Williams alipinga serikali kuingilia dhamiri za watu, wakampiga marufuku. Mwaka 1636 akaanzisha mji wake, Providence. Mary Dyer, mwanamke wa Kikweka, walimnyonga Boston mwaka 1660. Wakweka wachache wa Germantown waliandika waraka wa kulaani utumwa mwaka 1688, na utumwa haukufutwa katika nchi nzima ila mwaka 1865, baada ya miaka 177 na vita vya kutisha. Jefferson mwenyewe, aliyeandika kuwa watu wote wameumbwa sawa, aliwamiliki watumwa mamia katika maisha yake. (Babu zetu walivaa merikani, ile nguo nyeupe iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem katika Massachusetts hiyohiyo, na sehemu kubwa ya pamba ya viwanda vya kule ilichumwa kwa mikono ya watumwa.) Basi maadili ya Wamarekani hayakuwa urithi mtulivu uliopokewa kwa heshima. Yalikuwa ugomvi. Mtu mnyonge aliyachukua maneno ya dini ya mwenye nguvu, akamwambia: haya uliyoyasema yanipasa na mimi.

Ikiwa hivyo ndivyo maadili ya taifa yanavyozaliwa, sisi hatukupungukiwa.

Ukitoka Mwembe Tayari ukavuka Makupa, ukafuata njia ya bara mpaka Mazeras, Rabai i karibu. Hapo Krapf na Rebmann waliweka kituo chao mwaka 1846, na kila mwanafunzi huambiwa hivyo. Asichoambiwa ni habari ya Fuladoyo, kijiji kilichoanzishwa kaskazini ya Rabai na Wagiriama waliokuwa Wakristo, Abe Ngoa akiwa mmoja wa wakubwa wao. Hakukaa Mzungu pale. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko, wakapokewa, wakapewa mahali pa kulima, wakaomba Mungu pamoja na waliowapokea. Kiongozi wao mmoja aliitwa David Koi. Mwaka 1883 kijiji kilivunjwa, na Koi akachukuliwa Takaungu akauawa.

Hapa mpinzani wangu hunikatiza: "Lakini Injili ile ililetwa na nani, kama si Wazungu, tena kwa meli?" Kweli, ililetwa kwa meli. Uislamu nao ulifika pwani kwa jahazi, na Biblia ya Wapuritani ilivuka bahari vilevile. Sikatai kwamba dini husafiri. Ninalosema ni kwamba maana waliyoitoa watu wa Fuladoyo haikuwamo melini. Wakubwa wa misheni hawakutaka watoro wapokewe, kwa kuchelea ugomvi na wenye watumwa na kuvunja mapatano na Sultani. Mwalimu alileta kitabu. Wanafunzi ndio waliokisoma hata mwisho, wakaamua kwamba kama mtu ni kiumbe wa Mungu basi hawezi kurudishwa kwa bwana wake kama mbuzi aliyepotea. Neno utu katika Katiba yetu lilipata maana pale, na mtu alilipia maana hiyo kwa shingo yake.

Rabai yenyewe ilikuwa hivyohivyo. Aliyeisimamia alikuwa William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Bara Hindi. Watoro walimjia, naye hakuwafukuza. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza alitoa hati za uhuru kwa watu zaidi ya 1,400 walioonekana katika vituo vile, baada ya kupatana na mabwana wao juu ya malipo. Mackenzie akasifiwa sana. Nami nauliza: aliwapa nini? Watu wale walikuwa wamejikomboa kwa miguu yao, usiku, wakiwa na watoto mgongoni. Yeye aliandika karatasi ya jambo lililokwisha kutendeka. Hali ya utumwa haikukoma kutambuliwa na sheria ya pwani yetu mpaka mwaka 1907.

Wala usidhani nawafanya wamisheni kuwa malaika au mashetani. Freretown, mji walioujenga Kisauni mwaka 1875 kwa ajili ya waliookolewa majahazini, ulikuwa na kengele ya kuwatahadharisha watu, na jina la Kengeleni lingalipo hata leo. Lakini humohumo watu walioitwa huru walipigwa viboko na wasimamizi wao, wakalazimika kulalamika. Uhuru uliokuja kwa meli ulikuwa na kiboko ndani yake; uliotiwa maana na watu wenyewe ndio uliokikataa.

Si Wakristo peke yao. Mekatilili wa Menza hakuhitaji kitabu chochote. Mwaka 1913, Kaya Fungo, aliwalisha Wagiriama viapo vya kutoitumikia serikali ya kikoloni kwa kazi ya lazima. Wakamkamata, wakampeleka mbali Kisii, akatoroka. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua kaya kwa baruti. Tafakari kidogo: mtawala hatii baruti katika jambo analoliona kuwa ni ushirikina mtupu. Walielewa kwamba ndani ya kaya ile mlikuwa na wazo la utawala, yaani kwamba mtu haamriwi na asiyemchagua.

Sasa turudi kisiwani, maana hapa ndipo hoja ya "usingizi" inaponiudhi zaidi. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1891, alianza kutoa gazeti dogo, Sahifa. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, maana yake Matengenezo. Alikuwa amesoma mawazo ya Muhammad Abduh na Rashid Rida wa Misri, nayo pia, ukipenda, yalikuja kwa meli. Lakini aliyaandika kwa Kiswahili, ili ayasome mwenye duka na mwenye mashua, wala si wanazuoni tu. Na aliandika nini? Hakuwasifu wasomaji wake. Aliwakemea kwa kujivunia nasaba huku wakiacha elimu. Kwa kufilisika katika karamu. Kwa kuwanyima binti zao masomo. Kwa kuiga tabia mbaya za Wazungu na kuuacha ustadi wao wa kazi. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa katika kitabu Uwongozi mwaka 1944. Tangu mwaka 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu, naye cheo hakikumnyamazisha.

Utasema aliwaandikia Waislamu, wala taifa la Kenya halikuwamo katika fikira zake. Nakubali. Winthrop naye hakuwaza taifa la Marekani. Lililo muhimu ni mazoea aliyoyaanzisha: mtu kusimama hadharani, kwa lugha ya watu wake, akawahukumu watu wake kwa kipimo cha imani yao wenyewe. Bila mazoea hayo hakuna uwajibikaji, hata uandikwe katika katiba kumi.

Nimweleze basi mpinzani wangu neno moja la sheria. Marekebisho ya kwanza ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1791, yanalikataza Bunge kuweka dini ya taifa. Katiba yetu nayo, katika Ibara ya 8, yasema hakuna dini ya taifa. Lakini Ibara ya 170 inaweka mahakama za makadhi. Tumezinakili wapi mbili hizi pamoja? Si Philadelphia. Zimetoka katika historia ya pwani hii, na katika ahadi zilizoandikwa Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, ukanda wa pwani ulipokuwa ukiingizwa katika Kenya. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa walizipinga mahakama hizo kwa nguvu, Waislamu wakazitetea kwa nguvu, na tarehe 4 Agosti wananchi wakapiga kura. Katiba ikapita na makadhi wamo. Walioshindwa hawakufukuzwa nchini kama Roger Williams, wala hawakunyongwa kama Mary Dyer. Jioni za Mwembe Tayari adhana na mahubiri ya barabarani hugongana masikioni mwa wapita njia, na hakuna anayeitwa mgeni.

Rabai kuna makumbusho ya Krapf. Nenda ukayaone, hata kama itakupasa kuweka akiba ya nauli. Ukisha kuonyeshwa habari za Krapf, mwulize anayekuongoza habari za Jones, na ni njia ipi iliyokwenda Fuladoyo.