Matairi ya Pikapu: Unafuu Upimwe kwa Mzigo na kwa Kilomita

Yako mambo ya ulinzi na usalama ambayo hayaonekani siku ya gwaride wala hayatajwi katika hotuba, lakini yakiharibika kazi nzima husimama. Tairi la gari ni mojawapo. Katika mji wa Gisenyi, ambao ndio kitovu cha Wilaya ya Rubavu, pikapu ndilo gari la kazi za kila siku: hupeleka askari wa doria, hubeba chakula cha kambi na mitungi ya maji, huwahisha majeruhi hospitali. Matairi yake yanapoisha, kamanda, karani wa stoo na dereva hukabiliwa na swali lile lile linalomkabili raia mwenye pikapu yake ya biashara: kwa fedha tuliyo nayo, tununue yapi?

Wengi hudhani kwamba swali hili ni la gereji tu. Sisi tunaliona kuwa ni la uchumi wa kanda yetu na la uhai wa watu wanaokaa nyuma ya gari hilo.

Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilijitengenezea matairi yake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ambacho serikali ya Tanzania ilikuwa na hisa nyingi ndani yake, kilianza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nairobi nayo ilikuwa na kiwanda cha Firestone kilichoanzishwa mwaka 1969, ambacho baadaye kilikuja kuwa Sameer Africa na kutengeneza matairi ya Yana. Cha Arusha kilikuwa kimekwisha kusimama kufikia mwaka 2009. Cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016, baada ya kulemewa na ushindani wa matairi ya bei ya chini yaliyokuwa yakiingia kutoka ng'ambo. Tangu hapo sehemu kubwa ya matairi tunayotumia huja kwa meli kutoka Asia, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha husafirishwa kwa barabara zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kufika dukani Gisenyi, na hapo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Mambo mawili yanatokana na hali hiyo. La kwanza ni kwamba bei tunayolipa ina nauli kubwa ndani yake, hivyo kununua mara mbili kitu ambacho kingenunuliwa mara moja ni kulipa nauli hiyo mara mbili. La pili ni zito zaidi. Zamani mnunuzi alijua kiwanda kilipo na wa kumlalamikia. Leo majina yaliyoandikwa kwenye matairi ni mengi mno, na mengine hayajulikani hata kwa wauzaji wenyewe. Ukaguzi wa mwisho umebaki mikononi mwa mnunuzi. Asiyejua kusoma ubavu wa tairi hununua rangi na harufu ya mpira mpya.

MAZINGIRA YA RUBAVU

Ardhi ya Rubavu haina huruma kwa tairi. Mji uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye kimo cha karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya lami iendayo Kigali hupanda kupitia Mahoko, Bigogwe na Mukamira, kisha huteremka kuelekea Musanze. Na dereva anayerudi na mzigo kutoka huko hukutana na mteremko mrefu hadi ziwani. Kaskazini, katika tarafa za Busasamana na Bugeshi, njia hupita juu ya mawe ya volkano yenye makali, ambayo hukata ubavu wa tairi dhaifu. Mvua nazo hazichezi mbali.

Tukumbuke matukio mawili. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya wakazi wa Goma wakavuka mpaka usiku kuingia Gisenyi, huku matetemeko ya siku zilizofuata yakipasua nyumba na barabara za pande zote mbili. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi, mto Sebeya ukafurika, na watu zaidi ya 120 wakapoteza maisha katika sehemu mbalimbali za Rwanda. Katika usiku wa namna hiyo hakuna anayepata nafasi ya kwenda dukani. Gari hutoka na matairi liliyonayo, na matairi hayo yalichaguliwa miezi mingi kabla, pengine na mtu aliyetazama bei peke yake.

UZITO KWANZA

Jambo la kwanza la kutazama ni uwezo wa kubeba. Kwenye ubavu wa tairi, baada ya kipimo cha ukubwa, huandikwa tarakimu mbili au tatu na herufi moja. Tuchukue mfano wa 265/65R17 112S. Tarakimu 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi, yaani radial. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 ndiyo namba ya mzigo, nayo maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Herufi S ni mwendo usiopaswa kuzidi kilomita 180 kwa saa. Namba 108 ni kilo 1,000. Namba 104 ni kilo 900. Namba 95, ambayo huonekana kwenye matairi mengi ya magari madogo ya abiria, ni kilo 690 tu.

Sasa tufanye hesabu. Askari kumi waliokaa nyuma, kila mmoja akiwa na silaha na vifaa vyake, wakikadiriwa kilo 90 kila mmoja, ni kilo 900. Tukiongeza uzito wa gari lenyewe, tuseme ekseli ya nyuma imelemewa na kilo 1,600. Matairi mawili yenye namba 108 yanaweza kubeba kilo 2,000, kwa hiyo yana akiba ya kilo 400. Mawili yenye namba 95 mwisho wao ni kilo 1,380. Yamezidiwa kwa kilo 220 kabla gari halijagusa shimo hata moja. Matairi hayo yataingia kwenye rimu bila shida ikiwa kipenyo ni kile kile, na bei yake itapendeza. Hatari yake itaonekana mteremkoni.

Kwa hiyo mnunuzi asome kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, aone kipimo na namba ambavyo mtengenezaji wa gari amevitaka, na asikubali kushuka chini yake. Herufi C baada ya kipimo, au LT kabla yake, huonyesha tairi lililotengenezwa kwa gari la mizigo.

UMRI WA MPIRA

Jambo la pili ni umri. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo bila kutumika: hewa na joto huukausha, nao hupata nyufa ndogo. Kwenye ubavu, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, zimo tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri tairi libadilishwe likifika miaka sita, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Muuzaji anayepunguza bei ghafla mara nyingi ana sababu, na yafaa sababu hiyo itafutwe katika tarakimu hizo nne.

Mitumba inayotoka nchi za baridi ina dosari nyingine. Tairi lenye alama ya mlima na chembe ya theluji limetengenezwa kwa mpira laini wa kushika barafu. Kwenye lami yenye joto hulika upesi. Na tairi kipara ambalo fundi amelichonga mifereji mipya kwa kisu halifai kwa pikapu hata kwa bure, kwa maana kilichobaki chini ya mifereji hiyo ni nyuzi. Tusichanganye jambo hili na matairi yaliyovishwa mpira mpya kiwandani. Hayo hutumika hata kwenye ndege, kwa sababu gamba lake hukaguliwa kwanza. Lakini pasipokuwa na uhakika wa ukaguzi huo, yasifungwe mbele, ambako ndiko gari huongozwa.

KASHATA ZA NJIA IPI?

Matairi ya pikapu huuzwa kwa aina tatu. Yenye alama HT ni ya lami, AT ni ya lami na vumbi, MT ni ya matope. Vijana hupenda MT kwa sababu ya sura yake ya kutisha. Lakini tairi hilo hupiga kelele, huongeza matumizi ya mafuta, huisha mapema kwenye lami, na breki zake kwenye lami iliyolowa huchukua nafasi ndefu zaidi. Kwa pikapu ya Rubavu inayoshinda kati ya mjini na njia za mawe, AT ndilo chaguo la busara. Ile inayokwenda Kigali na kurudi kila wiki itatosheka na HT.

HESABU YA KILOMITA

Waswahili husema rahisi huvunja upishi. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya duka fulani. Tairi la kwanza linauzwa faranga 100,000 na linadumu kilomita 25,000: kila kilomita imegharimu faranga 4. La pili linauzwa 150,000 na linadumu kilomita 50,000: kila kilomita ni faranga 3. Kwa magurudumu manne katika kilomita 50,000, mwenye kuchagua la kwanza atanunua matairi manane kwa faranga 800,000. Mwenye kuchagua la pili atanunua manne kwa 600,000. Hapo hatujahesabu ufundi, wala siku ambazo gari lilisimama. Lakini hesabu hii yahitaji daftari. Kituo kisichoandika kilomita za gari siku tairi lilipofungwa na siku lilipotolewa hakiwezi kujua lipi lilikuwa la nafuu.

Fedha ikitosha matairi mawili tu, yanunuliwe mawili yanayofanana, yafungwe nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza dereva hupoteza gari. Na pikapu inayotumia magurudumu yote manne isivishwe vipimo tofauti mbele na nyuma. Tofauti hiyo huumiza giaboksi.

UPEPO NI AMRI

Tairi bora likikosa upepo huwa sawa na bovu. Mwaka 2000 Marekani ilitikiswa na habari ya matairi ya Firestone yaliyokuwa yakichanika kashata yakiwa mwendoni, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Mamilioni ya matairi yalirudishwa, na vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na ajali hizo. Katika mabishano yaliyofuata kati ya kampuni hizo mbili, upepo mdogo, joto na mzigo vilitajwa pamoja na kasoro za tairi lenyewe. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila mzunguko, hujipasha joto, na mwisho tabaka zake huachana. Marekani ilitunga sheria mwaka huo huo, na kutokana nayo magari mapya yakaja kulazimishwa kuwa na kifaa cha kumwonya dereva.

Pikapu zetu nyingi hazina kifaa hicho. Kifaa chetu ni dereva na geji yake. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, spea ikiwamo, na uongezwe kwa kipimo cha kibao gari linapobeba mzigo kamili. Kina cha kashata nacho kitazamwe: ndani ya mifereji mna vinundu vidogo, na kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6, ambayo katika nchi nyingi ndiyo mwisho wa sheria.

Polisi wa usalama barabarani husimamisha magari ya raia na kuwatoza faini wenye matairi vipara, na Polisi ya Taifa ndiyo yenye dhamana ya ukaguzi wa magari nchini. Raia hutazama. Gari la kikosi likipita mbele yake likiwa na nyuzi nje, neno la askari hupungua uzito. Vivyo hivyo kwa askari aliyechukua mkopo wa Zigama CSS akanunua pikapu ya kumsaidia nyumbani: deni litabaki hata gari likilala bondeni.

Tunashauri basi kwamba katika kila zabuni ya matairi, mwenye kununua aandike namba ya mzigo, aina ya kashata na umri usiozidi, kabla ya kuuliza bei. Naye dereva anayepokea mzigo asome tarakimu hizo mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Afande anayeamuru gari liondoke ana haki ya kuuliza maswali matatu: limebeba kilo ngapi, matairi ni ya mwaka gani, upepo umepimwa lini? Majibu yake huchukua dakika tano, na wanaokaa nyuma ya gari hawana njia ya kuyauliza wakiwa mteremkoni.