Nauli ya Mapema ni Amana

Sisi wa Handeni na Korogwe twasafiri kwa mabasi kupitia Segera. Habari za shirika la ndege zatuhusu nini? Zatuhusu, kwa kuwa nasi hulipa nauli kabla ya safari.

Fastjet ilianza safari zake nchini Novemba 2012, kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ikitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Hilo lilikuwa jema. Lakini bei ndogo ilikuwa ya anayewahi kulipa, na shirika hukodi ndege na kununua mafuta kwa bei za dola. Dola iliyokuwa shilingi 1,600 hivi mwaka 2012 ilikaribia 2,300 mwaka 2018. Juni mwaka huo kampuni mama ilionya kwamba fedha zake zakaribia kwisha. Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilitangaza kusudio la kuifutia Fastjet leseni nchini kwa sababu ya madeni na upungufu wa ndege, ikaagiza abiria warudishiwe nauli.

Wako wasemao: aliyependa rahisi na avumilie. Usemi huo hauna haki. Abiria hakununua hisa ili agawiwe faida; kwa nini agawiwe hasara? Alipolipa mapema alilikopesha shirika bila riba wala dhamana. Kampuni ikifilisika, mkopeshaji mwenye dhamana hushika mali aliyowekewa. Kodi na mishahara hutangulia. Mwenye tiketi husimama mwisho wa mstari, na mara nyingi hakuti kitu.

Si lazima iwe hivyo. Uingereza ina mpango wa ATOL tangu 1973: wauzaji wa safari zinazounganisha ndege na malazi huchangia mfuko wa kuwalinda wateja. Shirika la Monarch lilipoanguka Oktoba 2017, serikali iliwarudisha nyumbani abiria zaidi ya 80,000, hata wasiokingwa na mpango huo.

Nasi hatuna budi kudai kwamba fedha za safari ambazo hazijafanyika zitengwe katika akaunti ya pekee, zisiguswe kulipia madeni ya jana. Agizo la kurudisha nauli halimfai abiria iwapo sanduku limekwisha kuwa tupu.

Na tuanzie kwetu. Viongozi wa jumuiya wanaokusanya michango ya hija, na mawakala wanaouza tiketi za mabasi za mwisho wa mwaka, watoe stakabadhi, watenge fedha hizo, na wazirudishe bila kusukumwa safari isipofanyika. Wewe nawe mlipaji, dai stakabadhi yako na uitunze hadi ufike uendako.