Nyuma sawa, mbele je?

Ndugu mwandishi, ulinzi wa timu yetu ya taifa, Harambee Stars, umeusifu na sipingi. Kwenye makundi ya michuano ya CHAN, Agosti 2025, walifungwa bao moja tu, na Moroko waliokuja kutwaa kombe tuliwapiga 1-0 tukiwa pungufu. Lakini mbele? Mabao manne mechi nne, yote ya Austin Odhiambo na Ryan Ogam! Huku Embulbul tulikotazamia mechi, Madagaska waliposawazisha robo fainali, jamaa mbele yangu alivaa koti hata penalti hazijafika. Alishajua bao la pili halipo. Ogam naye akaenda zake Wolfsberger, Austria. Kocha McCarthy atafute namba tisa wawili, mmoja akae benchi, badala ya kutuongezea viungo kila uteuzi.