Matunda kwa Mgonjwa wa Figo: Tuulize Kwanza

Mgonjwa akilazwa hapa kwetu Singida haendewi mikono mitupu. Wanajumuiya huja na ndizi, machungwa na maparachichi. Ni desturi njema, na wagonjwa wengi huwafaa. Lakini kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha kuharibika sana, kikapu hicho chaweza kuusimamisha moyo. Sisi wauguzi tunaona kwamba jambo hili halisemwi vya kutosha, hata huko hospitalini.

Kiini chake ni madini yaitwayo potasiamu. Yamo karibu katika vyakula vyote vya mimea, na misuli na moyo huyahitaji. Yakizidi, figo zenye afya huyatoa kwa mkojo. Figo zilizochoka haziwezi, basi hubaki katika damu. Kiasi cha kawaida ni kama milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita; yakifika 6.5 ni hatari ya saa hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba hayapigi hodi. Wengine huhisi miguu kulegea au moyo kwenda ovyo. Wengine hawahisi kitu mpaka moyo unaposimama. Nyumbani husemwa amerogwa, maana jana yake alikuwa akizungumza vizuri.

Ndizi mbivu moja ina miligramu 400 hivi za potasiamu, na parachichi zima huweza kupita mara mbili ya hapo. Maharage, viazi, nyanya, mchicha na maji ya dafu nayo yanayo kwa wingi. Kliniki huwafundisha akina mama wasimwage maji ya mboga. Kwa mgonjwa huyu tunafundisha kinyume: viazi na mboga zikatwe vipande vidogo, zichemshwe katika maji mengi, kisha maji yamwagwe. Madini hupungua, ingawa hayaishi. Wapo pia wanaolainisha mboga kwa maji ya majivu. Majivu ya mimea yana potasiamu nyingi, na hata jina lenyewe lilitokana na majivu ya chunguni huko Ulaya. Na zile chumvi za dukani zisemwazo hazina sodiamu, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Kinachotuudhi zaidi ni juisi za majani za “kusafisha figo” zinazopigiwa debe stendi. Muuzaji hajapima damu ya mtu yeyote.

Dawa nazo zina sehemu yake. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, losartan na spironolactone, hupandisha potasiamu. Mgonjwa asiziache mwenyewe, kwani nyingine humlinda. Apimwe damu, na daktari aamue. Vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen asivinunue kabisa bila kuuliza.

Hatusemi kila mwenye ugonjwa wa figo anyimwe matunda. Wengi walio katika hatua za mwanzo hawahitaji kujizuia hivyo, na kukatazwa kila kitu huwakondesha bure. Kwa maoni yetu, mgonjwa wa figo zilizoharibika sana asiruhusiwe kwenda nyumbani bila karatasi yenye kiwango chake cha potasiamu na vyakula vyake, naye anayempikia aelezwe. Ndugu, dai karatasi hiyo. Usione haya.

Wanaosafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huhitaji mara tatu kwa wiki. Wako wanaoifuata huduma hiyo Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo tangu mwaka 2018 hupandikiza figo pia. Kuruka siku moja kwa kukosa nauli ni kuacha madini yajikusanye. Na akilegea ghafla, asipewe uji akangojwa apate nafuu: apelekwe hospitali usiku huo huo, kwani kuna sindano za kuulinda moyo na kushusha madini hayo kwa muda wakati mashine ikitafutwa.

Mnaokwenda kumtazama, pelekeni kipande cha nanasi, tufaha moja, au zabibu mbichi chache za Dodoma kama hana kisukari. Jumuiya ikiwa na mchango, umsaidie nauli.