Ekari Hizo ni za Mwezi Gani?

Ramani za matumizi ya ardhi za vijiji nilivyovihudumia zina rangi moja tu ya malisho. Makazi yana rangi yake, mashamba yana yake, msitu una yake. Malisho, yawe bondeni au juu ya kilima cha mawe, hupakwa rangi ileile, kisha pembeni huandikwa jumla ya ekari. Nimekuwa bwana mifugo tangu nilipotoka chuoni Mpwapwa, nikafanya kazi Usukuma, baadaye Umasaini, mpaka nikastaafu. Nadhani rangi hiyo moja imeua ng'ombe wengi kuliko magonjwa mengi niliyofundishwa kuyatibu.

Mwaka 2026 Umoja wa Mataifa umeutenga uwe wa nyanda za malisho na wafugaji. Hotuba zitakuwa nyingi, na nyingi zitarudia wimbo tunaoujua: mifugo ipungue, ardhi ipone. Si uongo mtupu. Lakini ni ardhi ipi inayozungumziwa?

Chukua nyika ya Simanjiro. Mvua ikinyesha nyasi huota haraka, ni tamu, na ng'ombe hunenepa huku unamtazama. Mvua ikikatika madimbwi hukauka na mifugo huhama kwa kiu, mara nyingi kabla nyasi hazijaisha. Nyasi za mwakani huko hutegemea zaidi mvua ya mwakani kuliko idadi ya ng'ombe wa mwaka huu. Mtaalamu anayekwenda nyikani na hesabu yake ya ng'ombe mmoja kwa ekari kadhaa anafuata wastani wa mvua ambao haujawahi kunyesha: mwaka huu inazidi, mwaka unaofuata hakuna.

Tambarare za nyasi fupi kati ya Ngorongoro na kusini mwa Serengeti zina tabia nyingine kabisa. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano na una madini mengi, ndiyo maana nyumbu hushuka huko kuzaa kati ya Januari na Machi. Asiyejua atasema hapa ndipo pa kuweka ng'ombe. Mmasai ndipo anapomwondoa. Ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru yeye mwenyewe, ila vikimpata ng'ombe humuua, na tiba hakuna. Kwa hiyo malisho bora kuliko yote huwa kama hayapo kwa miezi kadhaa, wakati kwenye karatasi ekari zake zimetimia.

Miombo ya Tabora na Katavi ni kinyume chake. Nyasi zake ni ndefu, zikikomaa hazina lishe, na mbung'o wanamsubiri anayezifuata. Hata hivyo miti ya miombo huchipua majani mapya Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, kwingine kukiwa vumbi tupu. Tena miombo ikichomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto hupita chini na miti hubaki. Ikichomwa Septemba huungua miti yenyewe. Ukipeleka moto huohuo nyikani umechoma chakula cha kiangazi.

Kisha kuna mabonde na mbuga za udongo mweusi: Usangu, Mkata, mbuga za Kishapu na Meatu. Masika hapafai. Maji yanatuama, kwato zinaoza, ng'ombe wanaokota minyoo ya ini. Ukilinganisha na nyika inayoyazunguka, mabonde haya ni eneo dogo sana. Lakini Septemba ikifika, ni huko tu utakapokuta nyasi zenye ubichi na maji ya kuchimba kwa jembe. Ng'ombe wa nyika nzima huokokea hapo katika miezi ya mwisho ya kiangazi. Na hapo ndipo kila mtu anapotaka kulima mpunga.

Nakumbuka mkutano mkuu wa kijiji kimoja wilayani Kiteto. Timu ya wataalamu ilikuwa imefurahi: zaidi ya nusu ya ardhi ya kijiji ilikuwa malisho, na bonde, kwa kuwa lina rutuba, lilikuwa limetengwa kwa kilimo. Mzee mmoja akasimama, akaegemea fimbo yake, akaniuliza, "Bwana mifugo, hizo ekari ni za mwezi gani?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akaenda kwenye ajenda inayofuata.

Swali lile lilihitaji kujibiwa, na mpaka leo fomu zetu hazina pa kuliandika. Kijiji kilichotoa bonde lake hakikutoa kipande kidogo cha malisho. Kimetoa nyika yote, maana ng'ombe asiyefika Novemba hana kazi na nyasi za Januari. Ndiyo sababu pia damu ya mkulima na mfugaji humwagika mabondeni, mara chache sana nyikani. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu kwa hoja ya kuokoa Mto Ruaha Mkuu. Ng'ombe walibeba lawama, ilhali mifereji ya mpunga ilikuwa ikinywa mto huohuo. Mifugo ikasukumwa hadi Kilwa na Lindi, na ugomvi ukaifuata huko.

Kondoa tulijaribu dawa kali zaidi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, na kwa haki niseme ardhi ilipona. Penye makorongo pameota majani. Lakini ng'ombe wale hawakuyeyuka. Walipelekwa kula kwa watu wengine.

Kwetu Usukuma wazee walikuwa na njia isiyohitaji kumfukuza mtu. Ngitili, yaani malisho ya akiba, hufungwa mvua zinapoanza, wala mnyama haingii mpaka Julai au Agosti, kisha hufunguliwa sehemu baada ya sehemu. Hutangulia ndama, wagonjwa na maksai, kwa kuwa maksai aliyekonda hatavuta plau mvua ikirudi. Wamasai wana alalili, mambo ni yaleyale. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 ulijenga juu ya desturi hiyo, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa ngitili katika mkoa ambao watu walikuwa wakiutabiria jangwa. Ardhi ilikuwa ileile. Iliyobadilika ni kalenda.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji jirani kukubaliana kutumia ardhi pamoja, na Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya hivyo, vikaunganisha majina na kupata OLENGAPA, malisho ya pamoja yenye hati ya hakimiliki ya kimila. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mvua haijui mpaka wa kijiji. Ninachodai ni kwamba ramani za namna hiyo ziwe na safu ya miezi, na hati ya kwanza itolewe kwa bonde kabla ya nyika. Nyika haina anayeikimbilia, inaweza kungoja.

Najua jibu la mkulima wa mpunga: jaruba moja linasomesha watoto. Ni kweli, na wali nami naula. Sisemi majaruba yaliyokwisha kuchimbwa yafukiwe. Yabaki, lakini sheria ndogo ya kijiji itaje tarehe ambayo mashina yaliyovunwa yanafunguliwa kwa mifugo, itaje upana wa njia ya kwenda majini, na faini iwe kwa wote wawili: mfugaji anayeingiza kabla ya tarehe na mkulima anayelima njia. Mazungumzo haya yafanyike Oktoba, watu wakitembea bondeni kwa miguu. Mipango mingi niliyoishuhudia ilipitishwa Aprili, kijani kikiwa kila mahali na kila mjumbe akiwa mkarimu kwa ardhi.