Jalan si Nairobi, weka mgandamizo wa hapa

Tangu tulipozungumzia magari ya wazee kwenye kipindi, meseji nyingi zinazoingia ni za swali moja, na karibu zote zinatoka kwa watu wa rika letu: injini ya Volkswagen nimeshaifungua, sasa mgandamizo niweke ngapi? Wengine wameshajijibu wenyewe. Wametazama video za California, au wana jamaa Nairobi aliyejenga yake ikatoka nzuri, na kwetu wamekuja kutafuta baraka tu. Tisa, wanasema. Mmoja kaandika tisa na nusu.

Baraka hizo mimi sitoi. Kwa Volkswagen ile ya mgongo wa kobe yenye injini ya 1600, inayolala Jalan Bani Bu Ali na inayotoka kweli barabarani, si ile ya kufunikwa turubai na kupigwa picha siku ya Idi, uwiano wa mgandamizo usipite 7.8. Mimi ningelenga 7.6. Najua hapo nimeshapoteza nusu ya wasomaji, lakini nisikilizeni kidogo.

Uwiano wenyewe si kitu cha ajabu. Pistoni ikiwa chini kabisa, silinda ina nafasi fulani ya hewa. Ikipanda juu kabisa, inabaki nafasi ndogo. Gawanya ile kubwa kwa hii ndogo, basi. Injini ya 1600 ina silinda ya kipenyo cha milimita 85.5 na pistoni inasafiri milimita 69, kwa hiyo kila silinda inafagia sentimita za ujazo 396. Kiwandani injini hii ilitoka na uwiano wa kama 7.5. Watu huitazama namba hiyo wakacheka, maana gari ya leo ya kwendea sokoni ina kumi au kumi na moja. Lakini gari ya leo ina maji yanayozunguka kwenye injini, ina kompyuta inayosikiliza mgongo na kurudisha nyuma taimingi kabla wewe hujasikia kitu. Hii ya kwetu ina feni, ukanda mmoja, na mapezi ya chuma. Kinachoipoza ni hewa ya nje, na hewa ya nje ya Jalan mwezi wa Juni nyote mnaijua.

Hapa ndipo hesabu inaponoga. Hewa ikigandamizwa inapata joto, na joto la mwisho linategemea mambo mawili: umeigandamiza mara ngapi, na ilikuwa na joto gani ilipoingia. Chukua hesabu ya kitabuni, ile isiyohesabu joto linalopotea kwenye kuta wala ubaridi wa petroli inapogeuka mvuke. Hewa ya nyuzi 20 ikigandamizwa kwa 7.5 inafika kama nyuzi 383 kabla cheche haijaruka. Hewa ya nyuzi 45 kwa uwiano uleule inafika kama 439. Sasa jiulize: yule aliye kwenye nyuzi 20 aweke uwiano gani ili na yeye afike 439? Jibu ni 9.2.

Soma tena. Injini ya 7.5 mchana wa Jalan inamaliza mgandamizo na joto lilelile la injini ya 9.2 asubuhi ya baridi pahala pengine. Jua limeshakuongezea mgandamizo, tena bila ya kukutoza baisa. Kweli, hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo presha inashuka kidogo na hilo linasaidia. Lakini kinachoifanya petroli iwake yenyewe kabla ya zamu yake, ile sauti ya kokoto ndani ya kopo, ni joto kuliko kitu kingine. Na kwenye injini ya kupozwa kwa hewa, kuta zenyewe nazo zimeshachemka.

Tuje kwa ndugu zetu wa Nairobi. Siwadharau, na wala hawakosei. Sisi familia zetu zimetawanyika Unguja, Mombasa, Nairobi, Dubai, na ushauri wa gari unapita kwenye grupu la familia kama unavyopita ushauri wa ndoa: kila mtu ana uhakika. Lakini Nairobi ipo juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko presha ya hewa ni kama asilimia 82 tu ya hii yetu, na mchana wake ni wa kuvaa sweta. Silinda ya Nairobi haijazi hewa kama ya hapa. Mtu akikwambia amejenga kwa tisa na inatembea kama saa, mwamini. Imetembea huko. Ukiichukua injini ileile ukaishusha Jalan, karibu na bahari, umeiongezea presha na umeiongezea joto kwa pamoja, na petroli ni ileile.

(Kwa Oman pahala panapofaa tisa labda ni juu ya Jabal Akhdar, kama mita 2,000 huko. Lakini pale Birkat Al Mouz polisi hawakupandishi bila ya gari ya fo-wili, kwa hiyo hilo nalo limekwisha.)

Na msiniambie mgandamizo mdogo ni wa waoga. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, Volkswagen iliyachukua zaidi ya mara moja. Mwaka 1962 aliyeshinda ni Tommy Fjastad kwa gari ya 1200, injini ambayo kiwandani ina uwiano wa 7 tu na nguvu za farasi zisizofika 40 kwa kipimo cha Wajerumani. Haikushinda kwa mbio za ajabu. Walioanza na magari ya nguvu wengi walibaki njiani.

Faida ya kupandisha ni nini hasa? Kwa hesabu ileile ya kitabuni, kutoka 7.5 kwenda 8.5 unapata kama asilimia 4 ya nguvu zaidi kwa mafuta yaleyale. Nne. Kwenye injini ya farasi 50 hizo ni farasi wawili. Kaburetta iliyosafishwa na valvu zilizosetiwa vizuri zinakupa zaidi ya hapo. Kwa farasi wawili unahatarisha hedi ambazo zina tabia ya kupasuka kati ya kiti cha valvu na tundu la plagi, na unahatarisha valvu ya moshi ya silinda namba tatu. Hii namba tatu maskini wa Mungu: kwenye injini zilizotengenezwa kabla ya toleo la 1971, kipoza oili kimekaa ndani ya boksi la feni, mbele yake kabisa, kwa hiyo yenyewe inapata hewa iliyoshachoka.

Binamu yangu upande wa mama alijengewa injini yake sanaiya na fundi mzuri tu, mtu wa kazi safi. Waliweka silinda kubwa zaidi, hedi hawakuzigusa, mgandamizo hakuna aliyeupima. Ilikuwa inaruka. Mwezi wa Julai, baada ya Al Kamil, anaelekea Ibra, valvu ikakatika kichwa ikaingia ndani. Saa nane mchana, pembeni ya barabara, na ndani ya gari alikuwemo ami yake wa miaka themanini aliyekuwa anapelekwa kwa daktari. Alhamdulillah alisimama mtu wa pikapu. Kwa hiyo mnaposema hii ni hobi tu, mimi nakumbuka mzee yule na chupa moja ya maji.

Tatizo lao si kwamba walitaka mgandamizo mkubwa. Hawakujua wameupandisha. Hili ndilo linalowapata wengi. Ukitia silinda za milimita 88 kwenye nafasi ya zile za 85.5, hedi ileile na nafasi ileile juu ya pistoni, uwiano unatoka 7.8 unakwenda 8.1. Ukienda 90.5 unafika kama 8.5. Hukukata kitu, hukuagiza pistoni za mashindano, umeongeza ukubwa tu. Na hedi za zamani nazo zina siri yao: kila mara zilipovuja, fundi wa zamani alizichonga pale silinda inapokalia ili zizibe. Kila kuchongwa kunapunguza chumba. Hedi uliyoinunua kwa mtu inaweza kuwa na chumba cha 47 badala ya 50 na kitu, na wewe ukadhani umefunga injini ya kiwandani.

Kwa hiyo pima. Hakuna njia nyingine, na vifaa vyake havifiki bei ya tairi moja. Funga valvu na plagi kwenye hedi, ilaze chumba kikitazama juu na sehemu inapokaliwa na silinda ikiwa sawasawa kabisa, paka grisi kidogo ukingoni, weka juu yake kipande cha plastiki ngumu inayoona, kilichokatwa duara kikae palepale inapokaa silinda, kiwe na tundu dogo. Mimina spiriti kwa bureti, au kwa bomba la sindano la famasi kama bureti huna, mpaka chumba kijae bila ya povu. Andika ulichomimina. Fanya vyumba vyote vinne, usifanye kimoja ukasema vingine ni ndugu zake. Vikipishana zaidi ya nusu sentimita ya ujazo, vidogo vichongwe vilingane na kikubwa.

Halafu weka silinda na pistoni kwenye injini, zikaze kwa muda, pandisha pistoni juu kabisa, upime kwa vanie pistoni imebaki chini ya ukingo wa silinda kwa kiasi gani. Kila milimita moja hapo ni sentimita za ujazo 5.7. Jumlisha na chumba cha hedi. Kwa injini ya 1600 namba ya kukumbuka ni 60. Jumla ikiwa 60, uwiano wako ni 7.6. Ikishuka 58, umefika 7.8 na hapo simama. Ikiwa 54, upo kwenye 8.3, rudi mezani.

Sasa kuna kundi la pili, nalo nina ugomvi nalo vilevile. Hawa wakisikia joto wanaogopa kupita kiasi, wanarundika shimu nene chini ya silinda mpaka pistoni inabaki milimita mbili na nusu chini, uwiano unashuka chini ya saba, wanasema sasa salama. Si salama. Pistoni inapokaribia hedi inausukuma mchanganyiko uelekee kwenye plagi na kuuvuruga vizuri, uwake haraka na sawasawa. Ukiacha pengo kubwa, ule mchanganyiko wa pembeni unabaki umelala, unawaka kwa kuchelewa, na joto ambalo lingesukuma pistoni linatoka na moshi kupitia valvu ileile tunayoihurumia. Kuna mafundi wakubwa duniani wanaoshikilia kwamba mgandamizo mdogo sana unaunguza injini kuliko mkubwa kidogo, na kwa sababu hiyo wana haki. Pengo la pistoni liweke kati ya milimita 1 na 1.5. Chini ya 1 usishuke, chuma kinatanuka. Ukitaka kupunguza mgandamizo, nafasi itafute kwenye hedi: fundi wa mashine azichonge kuta za chumba zinazobana pembeni mwa valvu. Hilo linaongeza ujazo na linaisaidia hewa kupita, mambo mawili kwa pesa moja. Pengo la 1.3 na chumba cha 52.5, unayo 60 yako.

Petroli weka 95. Kwa 7.6 hata 91 ingetosha siku ya kawaida, lakini siku ya kupanda kutoka Ibra kwenda Bidbid na watu wanne ndani si siku ya kawaida. Lakini 95 usiihesabu kama ruhusa ya kupanda mpaka tisa. Iache iwe akiba yako. Na taimingi ikifunguka yote isipite digrii 30, maana nimeona mtu kapima mgandamizo wiki nzima halafu taimingi kaifunga kwa sikio.

Wale wa 1200, msinitumie meseji za hasira, hesabu yenu hii hapa. Silinda ya 77 kwa safari ya 64 inafagia 298, na kila milimita ya pengo ni 4.7. Jumla ya chumba na pengo ikiwa 48, uwiano ni 7.2, na mimi ningeacha hapohapo.