Trekta la Shambani na Tozo ya Barabara

Machi ikiingia Uasin Gishu, matrekta hutoka. Alfajiri utayakuta kwenye lami nje ya Eldoret, plau zimeinuliwa, matope ya jana yamekaukia kwenye nambari hata askari wa trafiki asome herufi tatu tu: KTC. Herufi hizo ndizo zinazotenga trekta na gari la kawaida nchini Kenya, kama KHMA inavyotenga mitambo mizito ya ujenzi. Nusu saa baadaye yamekata kona yakaingia shambani, na lami hayaioni tena mpaka jioni.

Kwa nini basi chombo cha namna hiyo kisajiliwe? Mkulima ana jibu tayari: serikali inatafuta pesa. Hajakosea sana, ila amesahau siku ya kuuza na kununua. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humhesabu mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye chombo, mpaka ithibitishwe vingine. Mtu akikuletea trekta la mtumba na makubaliano ya kalamu kwenye karatasi ya daftari, jina la kwenye logbuku ni la mtu wa tatu, na namba ya chesisi imesuguliwa ikang'aa kuliko chuma kilichoizunguka, hapo umeuziwa kesi. Benki nayo haikopeshi kwa maneno ya jirani.

Kwa hiyo sina ugomvi na usajili. Ugomvi wangu uko kwenye pampu ya mafuta.

Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli nchini Kenya hubeba tozo ya matengenezo ya barabara ya shilingi 25, kutoka 18. Anayelipa ni matatu ya Nakuru, na ni trekta linalozunguka ndani ya seng'enge. Tuseme ekari moja inakula lita 8 kulimwa mara moja: shilingi 200 zimekwenda kwenye barabara ambayo plau haikuigusa. Bado haro, bado kupanda.

Marekani walilipata tatizo hili mapema. Dizeli ya mashambani hutiwa rangi nyekundu na haitozwi kodi ya barabara. Ukikutwa nayo tangini kwenye barabara kuu, unalipa faini. California, ambayo hutoa stika ya kijani kwa pikipiki na magari ya kuchezea jangwani na kwenye michanga, huelekeza sehemu ya kodi ya petroli kwenye mfuko wa njia na viwanja vya vyombo hivyo, kwa hoja kwamba mafuta hayo hayakuchomewa barabarani. Mwenye chombo analalamika kulipia stika, ndiyo, lakini anajua inamrudishia nini.

Je, tuige dizeli ya rangi? Hapana. Sisi tunajijua. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi yalichanganywa kwenye dizeli mpaka mwaka 2018 serikali ikayapandisha kodi, na aliyeumia ni mama wa koroboi. Bei mbili za mafuta yanayofanana ni mwaliko kwa wezi.

Njia nyepesi tunayo tayari. Dola inajua KTC ni trekta, na inajua jina lililo kwenye logbuku. Irudishe kiasi maalumu cha tozo kila msimu, kisicho kikubwa, kwa M-Pesa, kwa mwenye jina hilo pekee. Wajanja watakuwepo, mabovu yaliyoota nyasi nayo yatadai, ndiyo maana kiasi kiwe na kikomo. Lakini wale ambao kwa miaka wametembea na logbuku ya marehemu au ya mwenye shamba wa zamani watakwenda wenyewe kubadilisha jina, bila kufukuzwa na askari.

Kwa sasa, lita ya dizeli iliyoungua katikati ya shamba la mahindi Moiben inalipia lami shilingi 25, sawa na ile ya lori la Mombasa.